Matunzo ya Watoto wa Ngwali

Nchi yetu inapenda watoto kuliko nchi yoyote tunayoifahamu, ingawa ni kweli kwamba hatufahamu nyingi, kwa sababu pasipoti zetu zinatunzwa ofisini zisichakae. Picha ya mtoto ipo kwenye noti, ipo kwenye stempu, ipo kwenye ubavu wa kila gari la serikali. Mtoto huyo amenona, anacheka, ameshika kijiko. Wageni wakiuliza ni mtoto wa nani, tunawajibu kwamba ni wa taifa, nao wanaridhika.

Nataka kueleza habari za watoto wawili ambao hawakupigwa picha hiyo, na za wazazi wao walioachana. Naeleza kwa kuwa nilikaa nao mtaa mmoja. Sina nia ya kumlaumu mtu yeyote mwenye cheo.

Baba alikuwa Ngwali, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya serikali. Mama alikuwa Bihawa, aliyekaanga mihogo barazani kwake asubuhi na jioni. Walikuwa na binti, Sikudhani, aliyekuwa darasa la tatu, na mdogo wake Chande, ambaye shule alikuwa bado anaiona kwa nje.

Ndoa yao haikuvunjika kwa kishindo. Ngwali alianza kuchelewa kurudi, kisha akawa anarudi akiwa ameshakula, kisha akawa harudi. Alipoulizwa alisema analala kwa dada yake. Dada yake alipoulizwa alisema kwake hajalala mtu. Bihawa alilia kidogo, akafua mapazia yote ya nyumba, akayaanika, halafu akaenda Baraza la Ndoa kuomba talaka, na matunzo ya watoto, na chochote cha kumshika mkono yeye mwenyewe mpaka asimame.

Baraza la Ndoa liliongozwa na Bwana Lupembe, mtu mpole mwenye sauti nzito, aliyepewa kiti kile kwa uzoefu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha wake kadhaa. Sheria yetu inasema watu hawawezi kuachana wakiwa wamekosana, kwa sababu uamuzi wa hasira ni batili. Kwanza wapatane. Wakishapatana, ndipo waombe kuachana kwa moyo mweupe.

"Mnapendana?" akawauliza Bwana Lupembe siku ya kwanza.

"Hatupendani, mheshimiwa," akasema Bihawa. "Ndiyo maana tumekuja."

"Basi siwezi kuwaachanisha. Nendeni mkapendane, mkishapendana mrudi."

Wakaenda, wakarudi, wakaambiwa bado. Mara nyingine Ngwali alikuja amenuna, ikaonekana hawajaiva. Mwishowe walikubaliana mlangoni, kwa kunong'ona, kwamba wataingia wameshikana mikono. Waliingia hivyo, wakitabasamu kama watu waliotoka harusini. Bwana Lupembe alifurahi mpaka akavua miwani.

"Sasa naona mmeiva kwa talaka," akasema, akagonga muhuri.

Yakabaki mambo ya matunzo. Bwana Lupembe alianza na ya mke, akamuuliza Bihawa alikuwa akifanya kazi gani muda wote wa ndoa.

"Nilikuwa nyumbani. Nalea, napika, nafua, namuuguza mama yake mpaka alipofariki. Asubuhi na jioni nakaanga mihogo. Nyumba ile tofali zake nimebeba mimi, maji ya kujengea nimechota mimi."

"Kwa hiyo hukuwa unafanya kazi."

"Mheshimiwa, nimekwambia nilikuwa—"

"Nimesikia, bibie. Nasema kazi. Kazi ina kuingia na kutoka. Wewe ulitoka saa ngapi?"

Bihawa alifikiri, akasema kwa kweli hakuwahi kutoka.

"Unaona. Mtu asiyetoka kazini hawezi kusemwa aliingia." Hata hivyo, kwa kuwa serikali yetu haina roho mbaya, Bihawa hakuondoka mikono mitupu. Alipewa Cheti cha Shukrani kwa Utumishi wa Ndoa, chenye picha ya mtoto mwenye kijiko. Aliambiwa akitundike mahali pasipo na moshi.

Kuhusu watoto, Baraza lilikuwa na huruma zaidi. Liliamuru theluthi ya mshahara wa Ngwali ikatwe kila mwezi kabla haijamfikia mkononi, iende kwenye Mfuko wa Taifa wa Matunzo, na kutoka Mfukoni iwafikie watoto. Bihawa aliposikia hivyo alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ngwali naye, nimtendee haki, hakubisha. Alisema, "Ni wanangu. Wakate."

Mfuko wa Taifa wa Matunzo unakaa katika jengo refu kuliko yote mjini, linaloitwa Nyumba ya Mtoto. Watoto hawaruhusiwi kuingia, kwa sababu ya lifti. Bihawa alikwenda mwisho wa mwezi, akaelekezwa dirisha la Bi Eudokia, mama mmoja nadhifu aliyekuwa akimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, jambo lililowafanya watu wampende.

"Fedha ya wanao ipo," akasema Bi Eudokia baada ya kuangalia kwenye kompyuta. "Imeingia yote, haijapungua hata senti."

"Ahsante, mama. Basi naomba niichukue."

"Uichukue uipeleke wapi?"

"Nyumbani. Watoto hawana unga. Na huyu mkubwa amefukuzwa shule arudi nyumbani, anadaiwa mchango wa madawati."

Bi Eudokia alivuta kiti karibu, kama anayetaka kumwelewesha mdogo wake. "Nisikilize, mama Sikudhani. Kazi yetu ni kuhakikisha fedha ya mtoto ipo. Sasa nikikupa, itakuwepo?"

"Haitakuwepo. Nitakuwa nimenunua unga."

"Na mkaguzi akija akaniuliza fedha ya Sikudhani na Chande iko wapi, nimwambie wameila?"

"Ndiyo, mama. Si ya kula?"

"Mzazi mwema hawezi kutamani fedha ya mwanawe isiwepo," akasema Bi Eudokia kwa upole, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Bihawa alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Alikuta Mfuko umefunga madirisha kwa semina ya lishe. Maofisa walikuwa ukumbini wakila pilau na kuku, huku mtaalamu akiwaonyesha, kwa picha ukutani, jinsi mtoto asiyekula anavyoonekana. Ilikuwa semina ya uchungu. Wengine walishindwa kumaliza kuku wao, wakafungiwa wapeleke nyumbani.

Hapo ndipo Bihawa alipokosea, ingawa simlaumu. Alitoka pale akiwa amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hawezi kulikasirikia jengo refu. Akamkasirikia Ngwali. Aliamini kwamba Bi Eudokia anamzunguka tu, kwamba hakuna kilichokatwa, kwamba Ngwali ameongea na watu wake na mshahara wote unaishia kwa mwanamke wa Mtaa wa Juu. Alilisema hilo bombani, akalisema sokoni, akalisema msibani. Sisi majirani tuliitikia, kwa kuwa mtu mwenyewe tulikuwa tunamjua.

Ngwali naye, huko alikokuwa, aliiona theluthi ikiondoka kila mwezi. Yule mwanamke wa Mtaa wa Juu alipouona mshahara uliobaki alimfungia mlango, hivyo Ngwali akawa anapanga chumba nyuma ya karakana na kula mlo mmoja. Halafu akakutana na Chande njiani, miguu kama mirija, akamwamini kila mtu aliyemwambia kwamba mtalaka wake anavaa vitenge vipya. Bihawa hakuwa na kitenge kipya. Lakini watu huko kazini walimwambia, naye akaona inaingia akilini, maana fedha imeenda wapi?

Sikudhani ndiye aliyekuwa akitumwa. Mama yake akimwambia, "Pitia karakana, mwambie baba yako ni mwizi, na damu ya wanawe itamtokea puani." Mtoto akienda, akisimama getini na mkoba wake, akisema, "Shikamoo baba. Mama anakusalimia." Ngwali akimjibu, "Mwambie mama yako, hao wanaume anaowalisha kwa jasho langu wamtosheleze." Mtoto akirudi, akisema, "Baba anasema ahsante, na yeye anakusalimia."

Kila mmoja akazidi kumchukia mwenzake kwa ubaridi huo. "Namwita mwizi ananisalimia," Bihawa aliniambia siku moja, huku akigeuza mihogo. "Huyo si mtu tena." Nikamwambia ni kweli. Sikudhani alikuwa amekaa pale pale akimenya, hakuinua uso.

Ikaja Siku ya Matunzo ya Taifa. Siku hiyo wazazi wote walioachana hupelekwa uwanja wa mpira kumshukuru Waziri, na malori hupita mitaani kuhakikisha hakuna anayekosa furaha hiyo. Waliketishwa kwa herufi ya jina la baba wa mtoto, ndiyo sababu Bihawa na Ngwali walijikuta wamebanana kwenye benchi moja, juani, na mimi, jirani niliyepakiwa lori moja nao, nyuma yao.

Waziri alipanda jukwaani, akapewa mwavuli. "Ndugu wananchi," akasema, "wapo wanaouliza, mtoto ni wa nani? Ni wa baba? Ni wa mama? Hili swali limevunja nyumba nyingi. Serikali yenu imelijibu. Mtoto ni wa taifa. Na kama mtoto ni wa taifa, basi matunzo ya mtoto ni ya nani?"

"Ya taifa," tukajibu.

"Na taifa ni nani?"

Hapo tulinyamaza kidogo, kwa sababu hatukuwa tumefundishwa jibu. Waziri akatusaidia. Alisema si yeye peke yake, na kwamba wapo wengine wengi, akawataja, wakasimama, tukawapigia makofi.

Wakati wa makofi hayo Bihawa alisema bila kumtazama Ngwali, "Unakaa hapa umenyoosha shingo, na wanao wamelalia maji."

"Mimi?" akasema Ngwali. "Mimi ninayekatwa kila mwezi?"

"Umekatwa nini? Sijaona hata senti nyeusi."

Ngwali alitoa mfukoni karatasi ya mshahara ya mwezi ule, imekunjwa mpaka imelegea. Bihawa hakuwa hodari wa kusoma, lakini tarakimu alizijua kwa biashara. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamtazama Ngwali, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu waachane kumwona vizuri: shati limempwaya, mashavu yameingia ndani.

"Sasa mbona umekonda hivi?" akauliza.

"Nakula mara moja."

"Na huyo wa Mtaa wa Juu?"

"Alishaniacha zamani."

Bihawa hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alimwambia kuhusu Bi Eudokia, na fedha ambayo lazima iwepo. Ngwali alisikiliza, akaanza kucheka, akaacha. Waziri alikuwa bado anasema.

"Nimekuwa nikikutukana kwa mtoto," akasema Bihawa.

"Hakuna tusi nililoletewa. Ni salamu tu."

"Nami nimeletewa salamu."

Ngwali alijifuta uso kwa kiganja, mara mbili tatu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Hakuna aliyemwomba mwenzake warudiane. Mambo waliyofanyiana yalikuwa bado yapo, na Bihawa alimwambia hivyo. Lakini kabla ya malori kuondoka Ngwali alisema, "Hiyo iliyokatwa tuwaachie. Nikipata vibarua vya jioni, nitaleta mwenyewe chakula mlangoni."

Alipata vibarua vya kuchomelea vitanda. Jumamosi moja, saa kumi alasiri, alikuja mtaani kwetu amebeba mfuko wa unga begani, na mkononi maharage na chupa ya mafuta. Sote tulimwona. Chande alikimbia mbele yake akipiga kelele kwamba baba amekuja na unga. Bihawa alipokea, akasonga ugali mkubwa, akaunga maharage, watoto wakala mpaka Chande akasinzia mkono ukiwa bado sahanini. Ngwali alikula barazani peke yake, akarudisha sahani, akasema "Ahsante mama Sikudhani," akaondoka. Kama ningeruhusiwa kuishia hapa ningeishia.

Jumatatu alikamatwa. Nchi yetu ina kikosi maalumu cha kuzuia matunzo ya magendo, yaani matunzo yoyote yanayomfikia mtoto bila kupitia Mfukoni. Ni kikosi chenye vijana wepesi na magari mapya. Sijui nani aliwaambia. Chande mwenyewe alikuwa ameutangazia mtaa mzima.

Kesi ilisikilizwa upesi. Hakimu alikuwa mtu msomi, na alionekana kuumia.

"Ngwali," akasema, "unakiri ulipeleka unga?"

"Nakiri, mheshimiwa. Niliwapelekea wanangu."

"Ulijua kwamba watoto hao tayari wanatunzwa na Mfuko?"

"Nilijua nakatwa. Walikuwa na njaa."

"Ndipo kosa linapozidi. Mtoto anayetunzwa na taifa hawezi kuwa na njaa. Ukisema ana njaa, unalitukana taifa. Ukimpa chakula, unathibitisha tusi lako kwa vitendo."

Bihawa aliomba kusema. Aliruhusiwa, kwa kuwa mahakama zetu ni za haki. "Mheshimiwa, walikula mbele yangu. Hawakushiba vile tangu baba yao aondoke. Kama ni kosa, basi na mimi nilipika."

Hakimu alimtazama kwa huruma, akasema amelisikia ombi lake la kushtakiwa na atalifikiria, ila kwa sasa magereza ya wanawake yanapakwa rangi. Maharage na mafuta yaliyobaki yalikuwa yameletwa mezani kama kielelezo. Shauri lilipoahirishwa kwa chakula cha mchana, vielelezo vilitumika ili visiharibike. Waliporudi, Ngwali alifungwa miaka mitatu.

Alipofukuzwa kazi kwa sababu ya kufungwa, makato yakakoma. Bihawa aliitwa Nyumba ya Mtoto, akaenda mbio akidhani pengine sasa watampa ile iliyokwisha kukusanywa. Bi Eudokia alimsikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Fedha ya watoto ipo," akasema. "Lakini nilikuita kwa jambo jingine. Matunzo kwa sheria yetu ni ya pande mbili. Aliye na kipato humtunza mtalaka asiye na kipato. Mtalaka wako kwa sasa hana kipato."

"Yuko jela, mama."

"Ndiyo maana hana. Wewe unakaanga mihogo."

Bihawa alishika ukingo wa dirisha. "Mliniambia kukaanga mihogo si kazi."

"Wakati ule ulikuwa unadai," akasema Bi Eudokia. "Sasa unadaiwa."

Na hapa lazima niisifu serikali yetu, maana wapo wanaosema amri za matunzo hazitekelezwi. Hii ilitekelezwa siku ileile. Bihawa hakuwa amefika nyumbani, kijana wa Mfuko ameshakaa barazani akimsubiri. Alichukua mauzo ya asubuhi kutoka kwenye kopo, akayahesabu kwa adabu. Yalipokuwa hayatoshi alichukua karai, kijiko cha kuepulia na jiko la mkaa. Mafuta aliyokuwa akikaangia Sikudhani yalikuwa bado ya moto, hivyo aliomba apewe kitambaa cha kushikia. Bihawa alimpa.

Tangu hapo Bihawa humenya mihogo barazani kwa watu wengine, akilipwa kwa maganda na vipande vilivyovunjika. Sikudhani aliacha shule, akawa anamsaidia. Theluthi ya malipo hayo huchukuliwa kila wiki kwa ajili ya Ngwali, na sina shaka ipo.

Walikwenda kumwona mara moja, Bihawa na watoto wote wawili, kwa miguu, kwa kuwa gereza liko nje ya mji. Mimi niliwasindikiza, maana Chande alikuwa ameanza kuchoka upesi na ilibidi abebwe. Waliruhusiwa kusimama upande huu wa waya, Ngwali upande ule, na askari magereza katikati na kalamu yake.

Ngwali alikuwa amevaa kaptura ya jela, ameifunga kwa kamba kiunoni isianguke. Sikudhani alimwamkia. Chande, begani kwangu, alimwangalia kwanza kama mtu asiyemjua.

"Watoto wanakula?" Ngwali akauliza.

"Wanakula," akasema Bihawa. "Vizuri tu. Na wewe? Wananikata kwa ajili yako. Inakufikia?"

Ngwali alimtazama, akawatazama watoto mmoja mmoja. "Inanifikia," akasema. "Nashiba."

"Basi vizuri."

"Ndiyo. Vizuri."

Muda ulikuwa umekwisha. Askari aliyaandika maneno yote hayo, neno kwa neno, akayapeleka kwa mkuu wake, na mkuu wake akayapeleka mbele. Wiki iliyofuata Waziri aliyasoma bungeni: baba mfungwa anashiba, watoto wake wanakula vizuri, mtalaka wake anachangia kwa hiari, na wote wamekiri kwa vinywa vyao. Bunge zima lilisimama, likapiga makofi. Yalisikika redioni barazani pale Bihawa alipokuwa akimenya, na mwenye nyumba akaongeza sauti ili tusikie vizuri.